Neno Lililotoka Kocs

Halifax, Uingereza
22 Oktoba 1995

Mjomba wangu mpenzi Dezső,

Shikamoo kutoka mvuani. Ilianza kunyesha wiki ile nilipopata barua yako ya kiangazi na haijakatika mpaka leo, kwa hiyo ukiona wino umechuruzika usidhani nimelia. Mimi ni mzima kabisa. Kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wazee inaendelea vizuri. Wazee wananipenda, ila kitunguu saumu wamekikataa katakata, na mmoja wao kila asubuhi ananiuliza kama Hungaria kuna umeme. Goti lako linasemaje? Na farasi wako Manci, anakula? Nilimwota juzi, ameingia jikoni kwangu na kukataa chai. Na wewe na jirani yako Bi Etelka, mmeshapatana kuhusu ule mplamu unaomwangushia matunda upande wake wa ua, au bado mnazungumza kwa kuwatuma kuku?

Sasa kaa chini, Mjomba. Wazazi wangu hawapo, wewe ndiye uliyenilea, basi neno hili ni haki yako kulisikia kwanza. Nimepata mchumba. Anaitwa Nigel Oldroyd. Ni mrefu, mpole, na ana masikio makubwa ambayo utayazoea. Mchana anafundisha michezo shuleni, jioni ni kocha wa timu ya mpira ya mtaa wetu. Timu yake inafungwa sana, lakini inafungwa kwa nidhamu.

Ana koti la michezo, na mgongoni limeandikwa COACH kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza kuliona nilicheka mpaka akaudhika. Nikamwambia, "Unajua umebeba jina la kijiji chetu mgongoni? Kocs, tunalitamka 'koch'!" Akasema Wahungaria tuna maringo, kila kitu duniani tunadai ni chetu. Nikamwambia nenda maktaba. Akaenda. Akarudi masikio yamemwiva, maana alilikuta kwenye kamusi kubwa: neno hilo limetoka Kocs, kijiji kilichotengeneza magari ya farasi. Tangu siku hiyo hajabishana nami kuhusu lolote.

Anataka kunioa, Mjomba, nami nataka anioe. Lakini sitaolewa bila ridhaa yako, hilo nimemwambia. Nasubiri neno lako.

Mpwa wako akupendaye,
Emőke


Kocs
26 Novemba 1995

Emőke, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli. Goti ni lile lile. Manci anakula kuliko mimi. Nguruwe amenenepa, tutamchinja Januari baridi ikikaza. Kuhusu mplamu, mwenye kuudhika na plamu za bure aende zake, na unaweza kumwandikia hivyo Bi Etelka, kwa sababu mimi siongei naye.

Habari uliyoniletea imenikosesha usingizi. Nasema habari ya neno.

Mimi ni fundi wa magurudumu, baba yangu alikuwa fundi wa magurudumu, na babu yake yeye vilevile. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba zamani za wafalme wazee wetu walitengeneza gari jepesi, likatoka Vienna mpaka Buda bila kumvunja abiria mbavu. Watu wakaligombea. Wakaliita gari la Kocs, halafu kwa uvivu wakaliacha "gari" na kubaki na Kocs. Sisi wenyewe leo hata ile motokaa ya mchungaji, Trabant, tunaiita hivyo, na ile haistahili. Mjerumani akalichukua neno. Mfaransa akalichukua, Mwitalia akalichukua. Hao niliwajua. Kumbe na Mwingereza yumo! Alipita lini? Nani alimfungulia? Hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi akasema, ndugu zangu, neno lenu tunalitumia, hii hapa chupa ya asante.

Na ukishachukua neno la watu, litumie kwa heshima. Gari linabeba. Linabeba watu, magunia, bibi harusi, maiti. Huyo bwana wa kipenga anasimama pembeni ya uwanja na kupiga kelele. Yeye amebeba nini?

Kuhusu lile jambo jingine uliloliandika mwishoni, ningekujibu kwa kirefu, lakini karatasi imekwisha.

Mjomba wako,
Kelemen Dezső

Nyuma ya karatasi, kwa kuwa pana nafasi: plamu za mwaka huu zimetoa pálinka nzuri sana, kali bila kuchoma. Gerzson mwashi alionja akaimba. Paa la banda nimeliziba. Chumba cha bustani nimeanza kukipaka rangi, kijani. Sina sababu, nimekipaka tu.


Halifax
17 Desemba 1995

Mjomba mpenzi,

Salamu za Krismasi, na ndani ya bahasha hii utakuta karatasi tupu, nyingi, zisiwe kisingizio tena. Mimi na Nigel tu wazima. Mvua nayo haijambo. Yule mzee wa umeme amefariki, Mungu amrehemu. Siku zake za mwisho aliomba supu yangu ya kitunguu saumu, akaimaliza, akasema labda umeme upo.

Kwa kuwa umeuliza Mwingereza alipita lini, tulirudi maktaba tukatafuta. Neno liliwafikia zamani sana, kupitia kwa Wajerumani na Wafaransa, limeshachakaa njiani. Mwanzo walimaanisha gari kubwa la farasi, la wakubwa, lenye paa. Ilipokuja reli wakayaita hivyo mabehewa. Yalipokuja mabasi wakayaita hivyo mabasi ya safari ndefu. Lakini hili la Nigel ndilo lililonishangaza. Huko vyuo vikuu vyao wanafunzi wavivu walikuwa wakimlipa mwalimu wa pembeni awavushe mtihani. Wakamtania kwamba yeye ni gari lao: wanapanda, wanakaa, wanashushwa ng'ambo wamefaulu. Utani ukakaa, ukahamia michezoni, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwa utani.

Kwa hiyo, Mjomba, kocha ni mtu anayekuchukua pale ulipo akakufikisha mahali ambapo miguu yako peke yake isingekufikisha. Nilipoyasoma hayo nilikukumbuka wewe na mimi juu ya gari tukienda sokoni Tata, unanisomesha mabango ya maduka njia nzima. Nilijua kuandika "nyama" na "viatu" kabla sijajua kuandika jina langu. Nigel akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni mvua. Tulikuwa ndani ya maktaba.

Hongera kwa rangi ya kijani.

Mjomba, hujaniuliza lolote kumhusu. Hata jina lake hujaliandika. Je, unaridhia au huridhii?

Emőke wako


Kocs
28 Januari 1996

Emőke,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka kidogo. Nguruwe tumemchinja. Bi Etelka alikuja kuunga soseji kwa sababu watu wamemtia kichwani kwamba mkono wangu unazidisha paprika. Alikaa kutwa. Hatukuongea, ila aliniambia nikoroge, nikakoroga. Akaniambia nimemwaga chumvi, nikamwambia macho yake. Ilikuwa siku nzuri.

Karatasi zako nimezipokea. Ni nzuri mno kuandikia, nimefungia nyama ya nguruwe.

Habari ya wanafunzi wavivu nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka ujue. Nimemsomea Gerzson. Amesema kama ni hivyo, basi mchungaji aliyemvusha Kipaimara naye alikuwa gari, na gari lenyewe bovu. Sawa, nakubali, neno halikupotea njia kabisa. Lakini hilo ni neno. Huyo bwana mwenyewe bado sijaona alichobeba.

Sasa sikiliza sharti langu. Mimi nilimwomba mke wangu, Mungu amrehemu, nikiwa nimesimama nje ya lango la baba yake, kofia mkononi, theluji inaniingia shingoni, na walinichezesha mpaka nikatokwa jasho kwenye theluji hiyo hiyo. Baba yako alimwomba mama yako hapa hapa langoni kwangu. Huyo naye aje. Aje peke yake, bila wewe wa kumkalimania. Aje Jumatatu ya Pasaka, asimame langoni, aombe. Hapo ndipo nitajibu. Kwa posta bibi harusi hatolewi.

Nimenunua kitanda cha watu wawili, nimekiweka chumba cha bustani. Ni kwa ajili ya wageni. Najua sina wageni. Dirisha lile linapata jua la asubuhi, sijui kama unakumbuka.

Mjomba wako


Halifax
17 Machi 1996

Mjomba mpenzi,

Salamu nyingi. Atakuja! Nilipomwambia sharti lako alivua miwani, akaifuta, akasema, "Ni haki yake." Tangu hapo nyumba hii haina amani. Anatembea huku na huku akisema "habari ya asubuhi" kwa Kihungaria, na akiisema vibaya anajipulizia kipenga na kuanza upya.

Kwa kuwa umemchagulia Jumatatu ya Pasaka, nimemfundisha kila kitu. Nimemwambia siku hiyo wanaume huwanyunyizia wanawake manukato, wakasema shairi, wakapewa yai la rangi. Hakuniamini, akadhani namtega. Ikabidi tufanye mazoezi kazini kwangu. Alimnyunyizia mkuu wetu wa kazi, mama mmoja mkali sana, kabla sijawahi kumweleza huyo mama. Nimepewa onyo. Wazee wameomba irudiwe kila wiki.

Shairi amelishika. Salamu amezishika. Amejifunza kula supu mpaka mwisho na kugonga glasi za pálinka huku akimtazama mtu machoni. Hakuna nilichosahau.

Nakuomba mambo mawili tu. Asipewe pálinka kabla hajala. Na asikaribishwe karibu sana na Manci, kwa sababu anaogopa farasi. Utotoni alidondoshwa na punda ufukweni, na punda yule, anavyosimulia, alifanya makusudi.

Jua la asubuhi la dirisha lile nalikumbuka.

Mhurumie, Mjomba. Siyo kwa ajili yake tu.

Emőke


Kocs
11 Aprili 1996

Emőke,

Nakusalimu. Sote wazima, ingawa haikuwa hakika Jumatatu jioni.

Nakueleza mimi mwenyewe, hata kama yeye ameshakueleza, maana naona yeye hakuelewa kilichotokea, na mimi pia sina hakika.

Alifika saa nne. Amevaa lile koti. Alipokata kona ya kanisa watu wote walikuwa nje, siku ya Pasaka unajua, wakaliona lile neno mgongoni. Gerzson akapaza sauti, "Jamani, gari letu limerudi!" Kijiji kizima kikamfuata kwa vicheko mpaka langoni kwangu, naye anacheka nao na kuwanyunyizia wanawake manukato kulia na kushoto. Alikuja na mayai mifukoni mpaka koti limevimba. Nilisimama upande wa ndani wa lango, nimekunja uso. Akavua kofia. Akasema ile sentensi uliyomfundisha, yote, na makosa yake nilikubali kuyasikia kama lafudhi.

Basi nikafanya kama inavyofanywa. Nikasema, "Unamtaka binti wa nyumba hii? Huyu hapa!" Nikamtolea bibi harusi wa uongo.

Nilikuwa nimeandaa wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Etelka, amefunikwa pazia la dirisha la jikoni kwake. Wa pili Gerzson, alikimbilia bandani kuvaa gauni la mkewe, masharubu yake yote nje. Kila mtu duniani anajua inavyokwenda. Mwombaji anasema, "Siye huyu!" Watu wanacheka. Analetewa mwingine, anasema, "Siye huyu!" Watu wanacheka tena. Baada ya Gerzson mimi ningesema, "Wa kweli hayupo hapa, yuko kwenu. Ingia ule." Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya Manci.

Emőke, hakusema siye huyu.

Alimtazama Bi Etelka na pazia lake. Akainama, akamnyunyizia manukato kidogo, akasema shairi lote mpaka mwisho, akamshika mkono na kusema, "Nimefurahi sana kukufahamu." Kisha, kwa kuwa Bi Etelka ana nyonga mbaya, akambeba! Akambeba mikononi mbele za watu akampandisha juu ya gari langu, lililokuwa limefungwa maua tayari. Na yeye akapanda. Alikuwa anatetemeka, nilimwona, maana Manci aligeuza kichwa akamtazama. Lakini alipanda.

Mimi nilikuwa nimeinama nacheka, machozi yananitoka. Ndiyo maana sikuwahi. Manci hajali nani kashika hatamu. Akisikia uzito wa watu wawili umekaa, anajua ni safari, anaondoka. Nikasikia Bi Etelka chini ya pazia anapiga kelele, "Twende, kijana! Usimsikilize huyo! Mocsa, moja kwa moja!" huku anaonyesha kwa kidole. Nikakimbia nyuma yao mpaka kwenye daraja, na goti hili. Nyuma yangu Gerzson anatoka bandani na gauni lake, anauliza kwa sauti nyembamba, "Niingie sasa?"

Tuliwafuata kwa Trabant ya mchungaji, ikazimika njiani. Tulipofika kijijini Mocsa tuliwakuta kwa dada wa Bi Etelka, wamekaa mezani, wanakula bata. Huyo bwana ana taulo shingoni kama mwana wa nyumba hiyo. Manci yuko uani na amefutwa jasho vizuri, sijui ni nani aliyemfuta. Yeye anasema alimfuta yeye, kwa mbali, kwa ufagio.

Nikamwambia Bi Etelka, "Umechanganyikiwa? Ulikuwa mzaha!"

Akaniambia mbele ya dada yake, "Dezső, nimekuomba unipeleke Mocsa nikamwone dada yangu tangu mume wangu yuko hai. Kila nikikuomba, mara goti, mara gurudumu, mara tuone wiki ijayo. Huyu hajui hata kuomba maji kwa lugha yetu, anaogopa farasi mpaka meno yanagongana, na amenileta. Ulikuwa unauliza amebeba nini? Haya, amenibeba mimi. Kaa ule bata."

Nikakaa nikala bata.

Sentensi yangu haikusemwa, kwa hiyo haihesabiki. Jibu lako bado ninalo. Kuna swali linaloambatana nalo, nalo ni kwamba watu wakishaoana hukaa mahali fulani. Sikuulizi ni wapi. Nataja tu.

Mjomba wako


Halifax
5 Mei 1996

Mjomba mpenzi,

Salamu kwako, kwa Manci, kwa Gerzson na gauni, na kwa Bi Etelka kuliko wote. Barua yako niliisomea jikoni na wazee wakadhani nimepaliwa.

Kosa ni langu. Nilimfundisha manukato, shairi, supu na glasi. Bibi harusi wa uongo sikumtaja. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu mzima duniani asiyejua kwamba bibi harusi wa kwanza huwa wa uongo.

Nigel alirudi Jumatano ile baada ya Pasaka. Aliweka begi chini, akakaa, akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza, "Emőke, yule bibi ana pasipoti?"

Nikamwuliza bibi yupi. Akasema, "Shangazi yenu, niliyekabidhiwa." Mjomba, alidhani ndiyo masharti! Alidhani ukioa kwetu unakabidhiwa na mzee mmoja wa familia, uondoke naye, umtunze mpaka mwisho. Alipomwona amefunikwa pazia akajiambia ni mila na hairuhusiwi kumwona uso kwanza. Aliposhushwa Mocsa na kuzuiwa kuendelea naye, alidhani ameshindwa mtihani. Njia nzima ya kurudi, kwenye basi lenye jina la kijiji chetu, alikuwa anawaza atamweka wapi. Aliona chumba cha mbele kingemfaa kwa sababu hakina ngazi, na nyonga yake ile.

Nikamwuliza, "Na ulikubali?" Akasema, "Sikufurahi sana. Lakini ulikuwa umeniambia ni watu wako."

Huyo ndiye ninayemtaka, Mjomba.

Na sasa nitajibu swali ambalo hukuuliza. Nimelikwepa miezi yote hii, nawe umelipaka rangi na kulinunulia kitanda. Tutakaa huku. Nigel ana shule yake na timu yake inayofungwa, nami nina wazee wangu, na mwezi wa tisa naanza masomo ya uuguzi. Chumba cha kijani ni kizuri, najua bila kukiona, lakini sitaishi humo. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikachana. Inaniuma. Naogopa ukiisoma utanyamaza, na ukinyamaza wewe, mimi sina mwingine wa kumwandikia.

Leo hainyeshi. Wino ukichuruzika, sasa unajua.

Emőke wako daima


Kocs
23 Juni 1996

Emőke, mwanangu,

Salamu. Nilinyamaza. Nilikasirika, na naandika hivyo waziwazi kwa sababu Bi Etelka amesimama nyuma ya kiti changu, na amesema nikiandika tena kwamba nilikuwa na shughuli atanichapa na mwiko.

Nilipoipata barua yako niliingia chumba cha bustani nikakaa juu ya kitanda kile. Nilikuwa nakaa humo kila siku, nakasirika mpaka chakula cha mchana, halafu naendelea. Nilikuwa nimepanga yote. Wewe ungekuwa jikoni, yeye ningemfundisha kuchonga mipini, na jioni ningekuwa na mtu wa kumwambia kwamba leo kulikuwa na upepo. Nilikulea, nikajua utakwenda, ila nilidhani utarudi. Nakuambia kama ilivyo, iliniuma.

Bi Etelka akaja na sahani ya tambi za mbegu za popi, akanikuta humo. Akasema kijani hiki kinamtia mtu kichefuchefu. Kisha akaniambia, "Mwaka mzima unajisifia lile neno lenu, limefika kwa Mwingereza, limepanda reli, limeingia chuo kikuu. Siku moja hata nikusikie unalidai lirudi! Unalionea fahari. Msichana naye kafanya kosa gani?"

Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Nikala tambi, nikafikiri.

Kweli sijawahi kulikasirikia neno. Lilitoka hapa juu ya gari la mtu mwingine, likapita kwa watu wasiojua kulitamka, likavalishwa nguo za ajabu. Linafanya kazi ambazo babu yangu asingezielewa. Na mpaka leo, yule mkuu wako wa kazi mkali akingojea basi, Kocs imo kinywani mwake na yeye hana habari. Neno halikuisha huku kwa sababu limekwenda kule. Asubuhi namfungia Manci gari na neno liko pale pale. Nimeshindwa kuona kwa nini nililielewa neno kwa urahisi na wewe nikashindwa.

Tena uliandika kwamba gari ni yule anayekuchukua hadi mahali usipofika kwa miguu yako. Kama ulinisema mimi, na nadhani ulinisema mimi, basi ninajua kazi ya gari. Gari likishamfikisha mtu halimng'ang'anii. Linageuza na kurudi nyumbani tupu, na njiani dereva anapiga mluzi ili farasi asijue.

Harusi iwe Agosti, hapa kanisani, mchungaji ameshaandika. Gari nalitengeneza upya. Mti wa mwaloni nimeupata mkavu, magurudumu ya nyuma nayachonga mwenyewe. Nitakuendesha mimi kutoka langoni hadi kanisani. Ni karibu, lakini nitapitia njia ndefu. Chumba cha bustani kipo, na kitanda kipo, mkija mtalala humo. Kwa sasa Bi Etelka ameanika tambi juu yake. Jumapili nilimpeleka Mocsa mwenyewe. Nilitegemea tugombane njia nzima. Hatukugombana, na hilo usiniulize zaidi, karatasi imekwisha.

Uliniuliza Oktoba, nami najibu sasa, kama inavyojibiwa langoni. Mwambie Nigel: mchukue.

Ila safari hii afunue pazia kwanza.

Mjomba wako,
Dezső